Kutafuta Mlango wa Mvua

Usiku wa mvua kubwa ukipita, gereji za Ruiru huamkia wateja wa aina moja. Hawalalamikii injini wala breki. Wanafungua mlango, wanabonyeza kapeti kwa kidole gumba, maji yanachuruzika. "Fundi, gari linaingiza maji," wanasema, na hata kabla ya kujibiwa wanaongeza: "Kupaka silikoni ni pesa ngapi?"

Fundi anayejua kazi huliacha swali hilo lipite kwanza. Ana maswali ya kwake. Gari lililala likitazama juu au likitazama chini? Lilinyeshewa limesimama au lilikuwa barabarani? Lilioshwa lini, na kwa ndoo au kwa mashine ya presha? Anayeulizwa hudhani anapigishwa soga. Kumbe uchunguzi umeshaanza.

Kati ya kazi zote za gereji, hii ndiyo isiyo na shangwe. Injini ikifufuka hunguruma na majirani wakasikia. Rangi mpya hung'aa. Uvujaji ukikomeshwa, kinachoonekana ni sakafu kavu tu, kitu ambacho mwenye gari anahesabu kuwa haki yake tangu siku aliyolinunua. Huo ni uonevu, na ukanda wa Thika na Ruiru ndio unaofaa kuusahihisha, kwa sababu gari linalosifika kwa kuvuja kuliko yote lina undugu na mji wa Thika.

Thika kuna kiwanda kilichoanza katika miaka ya 1970 kwa jina la Leyland Kenya, ambacho leo kinaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Land Rover zilifika hapo zikiwa vipande ndani ya makasha, zikaunganishwa, kisha zikatoka kwenda kutumika nchini. Namna gari lilivyobuniwa ndiyo iliyowezesha jambo hilo. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, wakati chuma kilipokuwa kikitolewa kwa mgao Uingereza baada ya vita na aloi ya alumini ikipatikana kwa urahisi zaidi. Maurice Wilks na wenzake wa kampuni ya Rover wakabuni bodi ya vipande vya aloi vilivyofungwa kwa bolti na ribiti juu ya chasisi ya chuma. Fremu ya kioo cha mbele imekazwa kwa bolti juu ya ukuta wa chuma unaotenganisha injini na abiria. Paa limekazwa juu ya fremu hiyo na juu ya mbavu za gari. Milango nayo imening'inizwa kwa bawaba za nje. Kinachofunguka kwa spana hakikosi upenyo, na kila upenyo hapo unategemea raba au sponji. Bolti zilezile zilizowezesha gari kujengwa Thika ndizo zinazoifungulia mvua.

Defender, jina la Land Rover hiyo lililokuja 1990, ilirithi umbo hilo hadi ya mwisho ilipotoka kiwandani Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016. Kenya nayo hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililopita miaka 8, kwa hiyo Defender za zamani zilizoko nchini ndizo hizo tulizo nazo. Atakayezitunza ni fundi.

Maji hayana haraka, na hapo ndipo yanapowashinda wengi. Yakipenya kwenye kona ya juu ya fremu ya kioo, hayadondoki hapo. Hushika upande wa chini wa bati, yakatambaa, yakafuata waya za taa au ukingo wa ribiti, yakateremka ndani ya nguzo ya mlango na kutokea miguuni mwa abiria. Gari likiegeshwa kwenye mteremko, njia hubadilika. Anayeziba panapodondoka anaziba mwisho wa safari, na mvua inayofuata itatafuta pengine pa kudondokea, mara nyingi pabaya zaidi. Kwenye Defender zenye injini ya Td5, kompyuta ya injini na betri hukaa ndani ya masanduku yaliyo chini ya viti vya mbele. Si mahali pa kuachia dimbwi.

Kwa hiyo kazi huanza kwa kuvua. Kapeti linatoka, sponji ya chini yake inatoka, na mara nyingi sponji hiyo ndiyo inayotoboa siri: kapeti juu limekauka siku nyingi, chini yake maji yamelala na bati limeanza kuota kutu. Viungo vyote vinavyoshukiwa vinafutwa kwa kitambaa, vinaachwa vipigwe na jua, kisha vinapakwa chaki, ile ya kuandikia ubaoni. Fundi anaingia ndani na tochi, anajikunja chini ya dashibodi, mlango unafungwa. Mwenzake anabaki nje na mpira wa maji.

Mpira huo hauwekwi kichwa cha kurushia maji. Maji yanatoka taratibu, na yanaanzia chini: kizingiti cha mlango kwanza, kisha bawaba, kisha vifuniko vya hewa vilivyo chini ya kioo, kisha raba ya kioo, paa likiwa la mwisho. Asiye na subira huanzia juu, na dakika mbili baadaye gari zima limelowa, ushahidi umekwenda na maji. Kila hatua inasubiriwa. Ndani kuna giza, joto na harufu ya kapeti lililooza. Halafu, juu ya chaki, unajichora mstari mwembamba wa kijivu, mwembamba kuliko unyasi, unateremka kutoka kwenye tundu la bolti ambalo hakuna aliyelishuku. "Zima maji!" Kelele hiyo ndiyo ngurumo ya injini ya fundi huyu.

Kuna uvujaji usiokubali kuonekana gari likiwa limesimama. Gari likikimbia, hewa hujazana chini ya kioo cha mbele. Ndiyo maana wabunifu huweka matundu ya hewa hapo. Defender zilizotengenezwa kabla ya 2007 zina vifuniko viwili mahali hapo, na raba zake zikizeeka, mvua husukumwa na upepo ikaingia hadi magotini. Dereva aliyetoka Nairobi kwa barabara kuu ya Thika, ile ya njia nane iliyofunguliwa na Rais Mwai Kibaki Novemba 2012, anaweza kufika Ruiru amelowa soksi, halafu gereji ikamwagia gari maji nusu saa lisitoe hata tone. Ndiyo maana ya lile swali la kama lilinyeshewa limesimama.

Raba za milango hupimwa kwa noti ya shilingi 100. Noti inabanwa mlangoni, mlango unafungwa, noti inavutwa. Ikikwama, raba inashika. Ikichomoka kirahisi, raba imekufa, au mlango umelegea na bawaba zinahitaji kurekebishwa, na hapo kununua raba mpya ni kupoteza pesa.

Mafundi wazuri hawangoji hata mvua. Januari na Februari, barabara za murram za kuelekea Kilimambogo zikiwa unga mwekundu, vumbi hupita palepale maji yatakapopita mwezi wa Aprili. Mstari mwekundu kwenye kona ya mlango wa nyuma, au alama iliyotandazwa chini ya kioo cha pembeni, ni ramani iliyochorwa bure. Bahati mbaya wenye magari hupeleka gari kuoshwa kwanza ndipo waje gereji, kwa heshima, na ramani inafutwa.

Magari ya siku hizi yana ujanja mwingine. Prado au Discovery yenye paa la kioo linalofunguka haikuundwa kuyazuia maji kabisa pale juu. Imeundwa kuyapokea kwenye mfereji na kuyatoa kwa vipaipu vinavyoteremka ndani ya nguzo. Majani ya mjakaranda na vumbi vikiziba kipaipu, mfereji unafurika na dari linalowa. Raba ya paa haina hatia hapo. Wengine hukimbilia kompresa na kupuliza kwa nguvu, kipaipu kikachomoka kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, na tatizo dogo likazaa la kufumua dari. Uzi mnene wa nailoni, ule wa mashine ya kufyekea nyasi, ukisukumwa polepole, hufanya kazi hiyo bila kuvunja kitu.

Milango ya magari hayo nayo hupokea maji. Mvua huteleza kwenye kioo, ikaingia tumboni mwa mlango, ikatokea kwenye vitundu vya chini. Ndani kuna karatasi ya nailoni inayoyazuia maji yasije upande wa abiria. Fundi wa muziki akiikata ili aweke spika kubwa, mteja anapata besi na dimbwi kwa malipo mamoja. Na yupo anayeona maji yakitoka kwenye vile vitundu vya chini, akadhani amepata kosa, akaviziba!

Kuna pia maji yasiyo ya mvua. Kapeti likilowa wakati wa kiangazi, na maji yakiwa meupe na safi, mpira wa kutolea maji ya AC umeziba. Yakiwa na rangi, yanateleza vidoleni na kioo kinaingia ukungu, hita inavujisha maji ya rejeta. Hapo hakuna haja ya kupanda paani.

Na silikoni? Ina mahali pake, ila si ile ya bei rahisi yenye harufu ya siki. Harufu hiyo ni asidi inayotoka inapokauka, na asidi hula chuma. Kwenye Land Rover hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini huliwa: rangi inavimba, na chini yake unakuta unga mweupe. Kupaka silikoni juu ya kiungo cha namna hiyo ni kufunga bandeji juu ya jipu. Fundi wa kweli hufungua bolti, husugua hadi chuma safi, hupaka rangi ya kuzuia kutu, huweka sponji au raba mpya, ndipo anakaza tena. Pale panapohitaji gundi, hutumia ile ya poliyurethani inayoshikilia vioo vya magari.

Kazi hiyo inaweza kumaliza siku nzima, na raba iliyobadilishwa ikawa ya bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha mafundi wawili. Hapo ndipo ugomvi wa malipo unapoanzia. Mteja anatazama kile kipande cha raba na kuuliza kwa nini anatozwa maelfu. Haoni saa alizotumia mtu chini ya dashibodi akisubiri mstari mmoja ujichore. Matokeo yake, fundi anayetafuta hulipwa kidogo kuliko anayepaka, na vijana wanaojifunza kazi wanaona wazi ni upande upi wenye ugali.

Mvua za vuli huanza Oktoba. Mwenye gari la kuvuja alipeleke mapema, likiwa na vumbi lake, asiliegeshe kwanza pa kuoshea. Akubaliane na fundi malipo ya siku ya kutafuta kando na bei ya raba, na akiona mtu anakuja na tyubu ya silikoni kabla ya kumwaga maji hata kidogo, aondoe gari lake.