Kura 8,419 na fomu za madarasani: uchaguzi wa Kenya wa 2013 ulivyohesabiwa

Katiba ambayo Wakenya waliipitisha kwa kura ya maamuzi Agosti 2010 iliuweka ufunguo wa Ikulu kwenye hesabu. Ibara ya 138 inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, tena apate angalau asilimia 25 ya kura katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti 47. Zamani aliyeongoza aliweza kuchukua kiti hata kama wengi wamemkataa: mwaka 1992 Daniel arap Moi alirejea madarakani kwa takriban asilimia 36 tu, kwa sababu wapinzani wake waligawana zilizobaki.

Hesabu hiyo mpya ilipimwa kwa mara ya kwanza tarehe 4 Machi 2013. Siku tano baadaye, mwenyekiti wa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka (IEBC), Ahmed Issack Hassan, alimtangaza Uhuru Kenyatta kuwa mshindi kwa kura 6,173,433 kati ya 12,330,028, sawa na asilimia 50.07. Aliyemfuata, Raila Odinga, alipata 5,340,546. Pengo kati ya wawili hao ni kubwa, kura zaidi ya laki nane, ila katiba haikuuliza pengo. Iliuliza nusu, na nusu hiyo Kenyatta aliivuka kwa kura 8,419.

Zigawe kura 8,419 kwa vituo 33,400 vya kupigia kura. Kila kituo kinapata robo ya kura moja. Maana yake ni kwamba kosa la kura moja katika kila vituo vinne, yote yakielemea upande mmoja, lingekaribia kabisa kuipeleka nchi kwenye duru ya pili. Mjadala mwingi wa mwaka ule ulihusu mitambo ya kielektroniki iliyozima. Mimi naona swali zito zaidi lilikuwa usahihi wa karatasi moja iliyojazwa usiku ndani ya darasa la shule ya msingi.

Karatasi hiyo inaitwa Fomu 34. Vituo vilifunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na vilipaswa kufungwa saa kumi na moja jioni, lakini aliyekuwa kwenye foleni saa hiyo ilikuwa haki yake kupiga kura, na foleni za siku ile zilikuwa ndefu kupita kiasi. Kila mpiga kura alipewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge wa Bunge la Kitaifa, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi. Kila karatasi ilikuwa na rangi yake na sanduku lake. Kwa wastani wapiga kura 369 kwa kituo, afisa msimamizi alibaki na karatasi zipatazo 2,200 za kuhesabu usiku huo huo, naye na makarani wake wakiwa kazini tangu kabla ya mapambazuko.

Walianza na sanduku la rais. Kila karatasi iliinuliwa, ikaonyeshwa kwa mawakala wa vyama, jina likasomwa kwa sauti, kisha ikawekwa kwenye fungu lake. Iliyotiwa alama mbili, au alama isiyoeleweka ni ya nani, ikaenda kwenye fungu la zilizokataliwa, mara nyingine baada ya mabishano. Jumla zikaandikwa kwenye Fomu 34, mawakala wakatia sahihi, nakala moja ikabandikwa mlangoni. Ndipo yakafuata masanduku mengine matano, kwa watu wale wale na macho yale yale yaliyochoka.

Sehemu hii ilifanya kazi, na waliofungiwa madarasani usiku ule wanastahili shukrani ambazo hawajapewa. Kilichokwama kilikuwa kule kwingine.

Tume iliazimia mnyororo wa kielektroniki wenye pete tatu: kuandikisha wapiga kura kwa alama za vidole, kuwatambua kwa alama hizo hizo siku ya kura, kisha kutuma matokeo kwa simu kutoka kituoni hadi ukumbi wa Bomas jijini Nairobi. Nia ilikuwa njema. Uchaguzi wa 2007 ulikwisha kwa mauaji ya watu zaidi ya 1,100, na tume ya Jaji Johann Kriegler, iliyochunguza yaliyotokea, ilikuta daftari lisiloaminika na ujumlishaji uliojaa makosa. Watu walitaka mashine kwa sababu walikuwa wamepoteza imani na mkono wa mwanadamu.

Muda ndio ulioiangusha nia hiyo. Zabuni ya vifaa vya kuandikisha iliingia kwenye mvutano mwaka 2012, serikali ikalazimika kuingilia na kununua kwa msaada wa mkopo uliopitia Kanada. Uandikishaji ukaanza 19 Novemba na kuisha 18 Desemba: siku 30 kwa nchi nzima. Lengo la wapiga kura milioni 18 halikufikiwa, wakaandikishwa zaidi ya milioni 14.3. Miezi miwili na nusu ikabaki kwa kusafisha daftari, kusambaza vifaa vya utambuzi na kuwafunza maelfu ya maafisa waliokuwa hawajawahi kuvishika. Siku yenyewe, betri ziliisha chaji katika madarasa yasiyo na umeme, na kwingine nywila zikagoma. Vituo vingi vikarudi kwenye daftari la kuchapishwa kabla ya saa sita mchana. Pete ya pili ilikatika hapo.

Ya tatu ilikatika mbele ya kamera. Kwenye skrini za Bomas, kura zilizokataliwa zilipanda hadi zikapita laki tatu, na nchi nzima ikashika kichwa. Kumbe programu ilikuwa ikizizidisha mara nane, kama Tume ilivyokuja kueleza. Idadi ya mwisho ilikuwa 108,975, yaani kura tatu na kitu kwa kituo, jambo la kawaida kabisa kwa watu waliokabidhiwa karatasi sita kwa mara ya kwanza. Mfumo wa kutuma matokeo uliachwa, wasimamizi wa maeneobunge wakaitwa Nairobi na fomu zao mikononi, na kwa siku kadhaa Wakenya wakamsikiliza Hassan akisoma matokeo ya eneobunge moja baada ya jingine.

Kosa hilo la programu halikubadili kura hata moja. Lakini lilikuwa limewasha swali la kikatiba: je, kura iliyokataliwa ni kura iliyopigwa? Katiba inasema kura zote zilizopigwa. Ukiziingiza zilizokataliwa, Kenyatta ana asilimia 50.07 na akiba ya 8,419. Ukiziondoa, ana 50.51 na akiba ya karibu 63,000, takriban kura mbili kwa kila kituo badala ya robo. Machi 30, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga iliuthibitisha ushindi kwa kauli moja, na ikaamua kwamba kura iliyokataliwa ni batili na haihesabiwi. Naukubali uamuzi huo kwa sababu moja ya kivitendo: bila huo, karatasi isiyomchagua mtu yeyote ingekuwa inampunguzia kila mgombea asilimia.

Siukubali mwendo uliotumika kufika huko. Katiba inatoa siku 7 za kuwasilisha malalamiko dhidi ya matokeo ya urais na siku 14 za kuyaamua. Mahakama iliagiza kwa hiari yake kura za vituo 22 zihesabiwe upya na fomu za vituo vyote 33,400 zikaguliwe. Ni agizo la busara, kwa kuwa lilikwenda moja kwa moja pale hesabu ilipozaliwa. Lakini muda ulikwisha kabla fomu zote hazijapitiwa. Kwa tofauti ya robo ya kura kwa kituo, ukaguzi wa sehemu hauwezi kumtuliza aliyeshindwa.

Uchaguzi wa wabunge ulipita bila kelele nyingi, na hilo linasikitisha kwa namna yake. Katiba inasema jinsia moja isizidi thuluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa. Maeneobunge 290 yalichagua wanawake 16, na hakukuwa na gavana wala seneta hata mmoja mwanamke aliyechaguliwa na wapiga kura. Bila viti 47 vya wawakilishi wa wanawake, bunge la kwanza la katiba mpya lingefanana mno na yale ya katiba ya zamani.

Tukirudi kwenye hesabu ya urais, kilichofuata kinaonyesha kwamba somo la fomu lilieleweka, japo kwa gharama. Mwaka 2016 sheria ilibadilishwa ili fomu zenyewe zitumwe kwa njia ya kielektroniki. Mwaka 2017 Tume ilimtangaza mshindi kabla ya kupokea fomu zote za vituo, na mahakama ile ile, safari hii ikiongozwa na David Maraga, ikaufuta uchaguzi Septemba 1. Mwaka 2022 picha za fomu kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa kwenye tovuti ya Tume, na mwenye simu yoyote aliweza kujumlisha mwenyewe. Ile nakala ya mlangoni, ambayo mwaka 2013 ilisomwa na waliokuwa jirani na shule, sasa ilisomwa na taifa zima. Hii ndiyo kazi ambayo mashine inaiweza vizuri: kuibeba karatasi bila kuigusa.

Zile siku 14 hazijaguswa. Vituo vimeongezeka kwa zaidi ya theluthi tangu 2013, fomu zimeongezeka navyo, na majaji bado wanasikiliza, wanakagua na kuamua katika majuma mawili yale yale. Mabadiliko yanayodai kura ya maamuzi yametajwa kwenye Ibara ya 255, na muda wa kesi ya urais haumo humo waziwazi. Bunge lina uwezo wa kuanzisha mswada wa kuuongeza hadi siku 30, na wakati mzuri wa kufanya hivyo ni sasa, kabla haijajulikana ni nani atakayeuhitaji.