Simba wa Barye alijengwa kuanzia mifupani

Antoine-Louis Barye hakuwahi kukanyaga Afrika wala Asia. Simba, chui milia na jagwa waliompatia sifa aliwaona Paris, wakiwa hai vizimbani katika bustani ya Jardin des Plantes, au mizoga mezani. Hakuona windo porini hata siku moja. Lakini sanamu yake ya simba aliyemkanyaga nyoka, iliyoonyeshwa kwa plasta mwaka 1833 kwenye maonyesho ya Salon, bado inamsimamisha mtu anayewajua simba kweli. Swali la fundi ni moja: alifanyaje?

Kwanza, mkono. Alizaliwa Paris mwaka 1795, baba yake sonara, na yeye mwenyewe alikaa miaka kadhaa katika karakana ya sonara Fauconnier akitengeneza wanyama wadogo wadogo. Aliyezoea kuchora manyoya kwenye kitu cha ukubwa wa kidole haogopi shingo ya simba mzima.

Pili, kisu. Yeye na rafiki yake, mchoraji Eugène Delacroix, walikuwa wakipashana habari mnyama anapokufa bustanini, kisha wanakimbilia huko kabla mzoga haujaharibika. Barye alimchora simba akiwa na ngozi, akamchora tena baada ya kuchunwa, akapima viungo na kuandika vipimo kando ya mchoro. Vipimo hivyo ndivyo siri. Mchoraji wa rangi anaweza kutia giza mahali asipopajua. Mchongaji hana pa kujificha, kwa sababu mtazamaji atazunguka hadi nyuma.

Mtazame sasa huyo simba. Mguu wa mbele wa simba haukushikwa na mwili kwa mfupa wa mtulinga kama mkono wetu. Umeshikiliwa na misuli. Uzito ukihamia mguu mmoja, bega lote hupanda na ngozi juu yake hukunjamana. Barye alilijua hilo. Bega limejikusanya, vidole vya mguu vimetanuka, kucha zimetoka, na nyoka amebanwa chini huku kichwa chake kimeinuka na kinywa wazi. Mwili wa simba umerudi nyuma wakati mguu wake unasukuma mbele. Nguvu mbili zinazopingana ndani ya mwili mmoja: hapo ndipo bronzi iliyotulia inapoonekana kama inataka kuondoka.

Uso nao una habari yake. Simba anayewinda hangurumi wala hakenui meno. Hunyemelea kimya, akishakamata hubana koo au mdomo wa windo lake mpaka pumzi ikatike. Yeyote aliyekaa garini Serengeti akitazama simba jike na nyumbu anajua jinsi kazi hiyo inavyofanyika bila makelele. Kukunja pua na kulaza masikio ni ishara ya kutisha na kujihami. Simba wa Barye ana uso huo; kwa hiyo hawindi, anajikinga na kitu kinachoweza kumdhuru, na uso aliopewa ndio hasa unaostahili tukio hilo. Wasanii wengi wa kale na wa leo hukosea hapo hapo: humpa mwindaji uso wa ugomvi, kwa kuwa ugomvi unauzika zaidi.

Tatu, moto. Wasubi wengi wa Ufaransa wakati ule walitumia kalibu za mchanga. Sanamu husubiwa vipande vipande, huunganishwa, kisha mafundi wa tupa na patasi husawazisha maungio, na humo alama nyingi za kidole cha msanii hupotea. Barye aliipeleka kazi yake kwa Honoré Gonon na wanawe, waliokuwa wakifufua njia ya zamani ya nta. Umbo hutengenezwa kwa nta, hufunikwa udongo, udongo huchomwa, nta huyeyuka na kutoka, na bronzi iliyoyeyuka huingia palepale nta ilipokuwa. Kila mkwaruzo wa nta hubaki. Ni njia ya hatari, maana mmimino ukiharibika nta haipo tena. Gonon alikuwa ameshaisubu kwa njia hiyo sanamu ya Barye ya chui milia anayemla mamba wa mto Ganges, ile iliyompatia medali mwaka 1831. Simba wa bronzi alionyeshwa mwaka 1836, akawekwa katika bustani ya Tuileries.

Siasa nazo zilisaidia. Mapinduzi ya Julai 1830 yalitokea jua likiwa katika buruji ya Asadi, yaani Simba, na mfalme Louis-Philippe, aliyeletwa madarakani na mapinduzi hayo, hakuchukia watu wakimwona simba kama utawala wake na nyoka kama adui zake. Bila tafsiri hiyo, sidhani mnyama angepewa nafasi kwenye bustani ya kifalme.

Nina lawama moja. Simba huyu amejazwa mno: kila unywele, kila mshipa, kila mkunjo unadai kutazamwa. Ni kazi ya mtu anayetaka ujue kwamba amesoma. Linganisha na jagwa anayemla sungura, aliyeonyeshwa kwa plasta mwaka 1850 na kwa bronzi mwaka 1852. Hakuna kukenua wala kupigana. Jagwa amejikunyata, kichwa kimezama kwenye windo, sungura amelegea kabisa. Manyoya hayaonekani moja moja; mgongo mzima umekuwa wimbi moja la misuli. Maarifa ya mezani yamo humo yote, ila yamezamishwa chini ya ngozi.

Mwaka 1854 Barye alipewa kazi ya kufundisha uchoraji wa wanyama katika makumbusho ya elimu ya viumbe hapo hapo Jardin des Plantes, na kijana Auguste Rodin alipitia darasani kwake. Simba na jagwa wote wawili wako Louvre leo. Watalii hupigia picha simba. Kwangu mimi, kazi kubwa zaidi ni jagwa.