Shwari bila Mawimbi: Tafsiri ya "Ni Salama Rohoni Mwangu"

Mwaka 1873 meli ya Ville du Havre ilizama katika Atlantiki, na Horatio Spafford, wakili wa Chicago, akafiwa na binti zake wanne. Ndipo akautunga wimbo huu wa kuyapokea mapenzi ya Mungu. Katika Kiingereza, amani imefananishwa na mto, huzuni na mawimbi ya bahari. Mfasiri wa Kiswahili ameuacha mto, akateua "shwari", neno la mabaharia. Uteuzi huu unafaa sana: amani inatajwa kwa lugha ya bahari ileile iliyoua. Hata hivyo, mawimbi yamegeuka kuwa "shida" tu. Hapo tafsiri inapwaya. Imani ya mfiwa huyu haikuikana dhoruba. Tunapoufundisha wimbo huu, tuwarudishie wanafunzi mawimbi yake. Shwari pekee haimfariji aliyefiwa.