Kutoka kwa Nyapara hadi kwa Mstahiki: Mahali pa Kazi katika Tamthilia Mbili za Kenya

1. Utangulizi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wameshughulikia kwa kina masuala ya ndoa, siasa na mgongano wa tamaduni. Mahali pa kazi, yaani shambani, kiwandani, ofisini na hospitalini, ambako watu wazima humalizia sehemu kubwa ya mchana wao, hapajapewa uzito unaostahili. Makala haya yanachunguza tamthilia mbili zinazohusu mahali hapo: Kilio cha Haki (1981) ya Alamin Mazrui na Mstahiki Meya (2009) ya Timothy Arege. Kwamba zote mbili zinaulaani uonevu ni jambo lililo wazi. Linalohitaji kuulizwa ni kama zinamwonyesha msomaji namna mahali pa kazi palipougua panavyoweza kuponywa.

Swali hili lina maana ya pekee kwa msomaji wa Eldoret. Makao haya yalianza kuzunguka posta iliyofunguliwa mwaka 1910 katika shamba nambari 64, yakawa kitovu cha mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru yakawa mji wa viwanda vya nguo. Mwaka 2024 mji ulipandishwa hadhi ukawa jiji. Historia ya kiwanda cha Rivatex inatosha kuwa mfano: kilianzishwa katika miaka ya 1970, kikaja kufungwa, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, kikazinduliwa upya mwaka 2019. Mitambo mikuukuu huondolewa ikaletwa mipya. Mazoea ya watu wanaofanya kazi pamoja hayabadilishwi kwa njia hiyo.

2. Urithi wa maneno

Kabla ya kuzitazama tamthilia zenyewe, hapana budi kuyatazama maneno ambayo Kiswahili kimeyarithi kuhusu kazi. Kibarua ni barua ndogo: mfanyakazi wa kutwa aliitwa kwa jina la karatasi aliyopewa. Kipande kilikuwa cheti ambacho sheria ya kikoloni iliwalazimisha wanaume Waafrika wa Kenya kukibeba. Nyapara alikuwa kiongozi wa wapagazi katika misafara, kisha akawa msimamizi wa vibarua mashambani. Katika maneno haya yote, mtendakazi anatajwa kama kitu cha kuhesabiwa na kusimamiwa, si kama mtu wa kuulizwa rai yake. Nyapara wa aina hiyo hakuondoka na mkoloni. Amebadili mavazi, na ofisini huitwa mkubwa.

3. Kilio cha Haki: adui aliye dhahiri

Katika tamthilia ya Mazrui, Lanina anawaongoza wafanyakazi kudai haki zao kwa Delamon, mwajiri wa Kizungu. Mpaka kati ya mnyonyaji na wavujajasho umechorwa waziwazi, na hiyo ndiyo nguvu ya mchezo huu. Si ajabu kwamba ulitisha: mwaka 1982 mwandishi wake alitiwa kizuizini bila kuhukumiwa.

Hata hivyo, kipengele chenye kina zaidi hakiko kwa Delamon. Kiko katika shaka anayotiliwa Lanina na watu wa upande wake kwa kuwa yeye ni mwanamke. Hapa Mazrui anadokeza kwamba dhuluma ya mahali pa kazi haitoki juu tu. Wanaodhulumiwa wanaweza kuibeba miongoni mwao, wakanyimana sauti ile ile wanayonyimwa na mwajiri. Bahati mbaya, wepesi wa kumchukia Delamon humfanya msomaji alipite dokezo hili haraka.

4. Mstahiki Meya: ugonjwa wa masikio

Arege anamwondoa Mzungu jukwaani. Baraza la Cheneo linaongozwa na mwananchi, na bado wafanyakazi wanateseka. Maendeleo ya fikra ni makubwa, kwa kuwa sasa mtazamaji hawezi kumsingizia mgeni.

Ukichunguzwa vizuri, mchezo huu unahusu safari ya habari. Daktari Siki anamweleza Meya hali ya wagonjwa wasio na dawa. Diwani III anashauri wafanyakazi wasikilizwe. Kwa upande mwingine, Diwani I na Diwani II wanakubali kila linalosemwa, na Bili, rafiki wa Meya, anachochea tamaa. Kwa hiyo Meya hakosi habari, amekosa masikio. Anayesema kweli huonekana adui, na msifu hupata nafasi. Katika mazingira kama hayo kila mwenye akili hujifunza kunyamaza, na ofisi huendelea kuoza huku taarifa zake zikisomeka vizuri. Wahenga walisema mkubwa ni jalala: kazi yake ni kupokea taka za watu bila kununa. Meya anataka ukubwa, lakini hataki kuwa jalala.

5. Upungufu

Tamthilia zote mbili zinajengwa kuelekea mgongano. Hakuna inayokaa kutazama asubuhi ya pili, wakati wafanyakazi wanaporudi kazini na mtu mwingine anapokalia kiti kile kile. Ufundishaji umeuongeza upungufu huu. Mstahiki Meya ilipokuwa kitabu cha mtihani wa kidato cha nne, wanafunzi walizoea kuorodhesha sifa mbaya za Meya, kana kwamba baraza lingepona kwa kubadilisha mtu mmoja. Madiwani waliopiga makofi husahauliwa. Nao ndio watakaompigia makofi meya ajaye.

Sheria imekwenda mbele ya sanaa. Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa usawa kazini. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi makosa yake na kumsikiliza kabla ya kumwachisha kazi kwa utovu wa nidhamu au kwa kutomudu kazi. Lakini kusikilizwa siku ya kufukuzwa ni kusikilizwa kwa kuchelewa. Utamaduni mzuri wa kazi ni ule ambamo mtu anasikilizwa siku ya kawaida, juu ya jambo dogo, na kesho yake akaikuta kazi yake mahali pake.

6. Hitimisho

Mazrui ameonyesha kwamba wafanyakazi wana sauti. Arege ameonyesha namna sauti hiyo inavyozibwa na watu wetu wenyewe. Tamthilia ya tatu bado inangojewa: yenye kikao ambamo mdogo anamkosoa mkubwa, mkubwa anakasirika, kisha anarekebisha. Tukio kama hilo si jepesi kuliko mgomo, wala halikosi mvutano. Mwandishi atakayelitunga atakuwa ameipa jamii mfano wa kuiga. Hadi sasa jukwaa limewapa wafanyakazi wa Eldoret mifano ya wakubwa wa kuwaogopa na ya wakubwa wa kuwaangusha. Mfano wa mkubwa wa kuzungumza naye bado haujaandikwa.