Sekunde moja haikutosha

Niseme mapema tusizungushane: pigo refu lilikuwa sawa, ila kulirudia baada ya sekunde moja kulikuwa kosa, tena kosa la wazi. Mliokuwa kwenye semina ile mliona. Chaneli ya potasiamu ya Shaker isiyo na mpira wake wa kuiziba, asidi amino za 6 hadi 46 zimekatwa, ndani ya yai la chura Xenopus. Yai zuri, elektrodi safi. Hongera.

Sasa tazameni saa. Pigo la milisekunde 50 kwenda milivolti +20, kushuka -60, mkia wa mkondo unapotea mara moja. Mapumziko -90, sekunde moja. Pigo la milisekunde 500, sekunde moja. Pigo la sekunde 5, sekunde moja, jingine la sekunde 5. Mkia wa nne ulikuwa umenyauka karibu nusu, unajivuta kama mzee apandaye ngazi. Mtoa mada akatangaza kwamba depolarizesheni ndefu huchelewesha kufunga. Ukumbi ukaitikia.

Hitimisho lenyewe si geni. Kihisi volteji kikishikiliwa juu kwa muda mrefu hutulia katika hali nyingine, na kukirudisha chini hudai volteji hasi zaidi na muda zaidi. Lakini chaneli iliyoziba polepole wakati wa pigo refu, kwa namna iitwayo aina C, hutaka sekunde kadhaa izibuke. Ukiipa moja, pigo linalofuata linakuta baadhi ya chaneli bado zimeziba, vihisi bado havijarudi kwao. Mkia ule basi ni wa pigo lipi? La mwisho, au manne yaliyorundikana? Tena mkia ukinyauka, mvujo mdogo tu unatosha kuufanya uonekane mrefu. Angerudia milisekunde 50 mwishoni, tungejua papo hapo. Hakurudia.

Programu nayo, ugomvi wangu wa siku zote, ikachora mstari mwekundu na kutema namba yenye desimali nne. Huxley alizungusha mkono wa mashine ya kukokotoa ya Brunsviga hadi akapata umbo la msukumo wa neva. Ukitoa jasho namna hiyo, kila nukta unaitilia shaka. Ni kweli, milinganyo yake na Hodgkin ya 1952 inaipa kasi ya kufunga volteji peke yake, haikumbuki pigo lilidumu kiasi gani. Ila ile ilikuwa kazi ya milisekunde.

Na Frankenhaeuser na Hodgkin, 1956, kwenye neva nene ya ngisi? Hawakukimbilia kulilaumu lango. Waliuliza potasiamu iliyotoka imekwenda wapi, wakaikuta imebanwa nje ya utando, kwenye upenyo wa takriban nanomita 30, ikiuharibu mkondo huku lango halina hatia.

Mayai ya chura hayakosekani. Rudieni: sekunde 30 kati ya pigo na pigo, urefu uchanganywe, na pigo la mwisho liwe lile la kwanza.