Dalali na Wakili: Juu ya Kitabu Kinachosifiwa Kabla Hakijatoka

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Biashara ya vitabu ya London na New York imejengwa juu ya kuikanusha methali hii. Huko mwandishi aghalabu hamwendei mchapishaji mwenyewe. Yuko mtu wa kati anayeupokea mswada, kuutafutia mnunuzi na kusimamia mkataba. Kazi hiyo ilipata sura yake London katika robo ya mwisho ya karne ya 19, A. P. Watt akiwa miongoni mwa waanzilishi wake. Ujira wake wa asilimia 10 ulidumu kwa miaka mingi. Siku hizi kawaida ni asilimia 15 kwa mauzo ya nyumbani na 20 kwa tafsiri. Kabla ya maonyesho ya vitabu ya London na Frankfurt, mawakala hutoa orodha za vitabu vijavyo, vya kubuni na visivyo vya kubuni. Orodha hizo haziuzwi madukani, na wahakiki hawazishughulikii. Hata hivyo zinastahili kuhakikiwa, maadamu ndizo uhakiki wa kwanza ambao kitabu huupata, na mara nyingi ndizo zinazoamua iwapo kitapata uhakiki wa pili.

Maelezo ya kitabu katika orodha ya namna hii yana muundo wake maalumu. Huanza kwa kumtia mhusika katika shida na kukoma kabla ya utatuzi. Kisha kitabu hulinganishwa na vingine viwili vitatu vilivyokwisha kuuzwa vizuri, na mwisho hutajwa asili ya mwandishi pamoja na tuzo zake. Riwaya ya mwandishi mpya hutakiwa iwe imekamilika kabla ya kutangazwa. Kitabu kisicho cha kubuni, kwa upande mwingine, aghalabu huuzwa kwa pendekezo na sura moja au mbili tu. Hapa ndipo penye jambo la kumshughulisha mhakiki. Malipo ya awali hutolewa kwa mafungu: wakati wa kutia sahihi, wakati wa kukabidhi mswada na wakati wa kuchapishwa. Mwandishi aliyekwisha kupokea fungu la kwanza ana kila sababu ya kuandika kitabu kinachofanana na maelezo yake. Maelezo yaliyotungwa ili kuuza huwa yamegeuka kanuni ya utunzi.

Lugha ya Kiswahili ina maneno mawili yanayoweza kuitenga kazi hii katika sehemu zake. Dalali hunadi, sifa za bidhaa ni mali yake, na aibu zake humwachia mnunuzi azigundue. Wakili husimama mahali pa mwingine. Katika ndoa za pwani wakili hatumwi kumsifu bibi arusi. Hutumwa kufikisha neno lake. Mtu wa kati wa vitabu ni wakili katika mkataba na dalali katika maelezo. Kumlaumu kwa udalali peke yake ni kumdhulumu, kwani mwandishi asiye na wakili huwa katika hatari kubwa zaidi. Mwaka 1957 Chinua Achebe aliupeleka London mswada wake wa pekee wa Things Fall Apart ili upigwe chapa. Ulikaa huko miezi bila ya jibu, mpaka mkubwa wake wa kazi alipokwenda kuudai. Heinemann walikitoa kitabu hicho mwaka 1958, nakala 2,000. Kazi iliyokuja kusomwa duniani kote ilikaribia kupotea kwa kukosa mtu wa kuifuatilia.

Fasihi ya Kiswahili nayo imepata kuwa na watu wa kati. Muyaka bin Haji alifariki mwaka 1840. Mashairi yake yalikusanywa Mombasa na Mwalimu Sikujua, aliyeyafafanua kwa W. E. Taylor, na diwani ikatolewa na Hichens huko Johannesburg mwaka 1940, yaani baada ya miaka 100 kamili. Kule Lamu, Muhamadi Kijuma alinakili tenzi kwa ajili ya wataalamu wa Kizungu, na miswada mingi ya mkono wake imehifadhiwa London. Hawa walikuwa mawakili kwa maana kamili ya neno, kwani bila ya juhudi zao mengi yangalipotea. Lakini maelezo waliyoyatoa yaliandaliwa kwa mnunuzi wa mbali, na Mswahili mwenyewe akayapata baadaye, akipitia kwa huyo huyo mgeni.

Siku hizi mwandishi wa Kiswahili nchini Kenya hupeleka mswada moja kwa moja kwa mchapishaji, ambaye jicho lake li kwenye orodha ya vitabu teule vya shule. Riwaya kama Chozi la Heri na Nguu za Jadi zimepata maelfu ya wasomaji kwa njia hiyo, na hilo si jambo la kubezwa. Walakini njia hiyo imezaa maelezo ya aina yake, nayo ni mwongozo: dhamira, wahusika na mbinu, vyote vimekwisha kupangwa. Mara nyingi mwanafunzi huushika mwongozo kabla ya riwaya. Ni nani waandishi wa miongozo? Ni nani huisoma miswada kwa niaba ya mashirika ya uchapishaji na kuandika dibaji? Aghalabu ni wahadhiri na walimu wa Kiswahili. Taaluma inayomcheka dalali wa London inafanya udalali wake nyumbani, tena kwa mnunuzi mmoja tu, ambaye ni mtihani.

Gharama ya hali hii inaonekana katika kisa cha Abdulrazak Gurnah. Paradise, riwaya inayohusu pwani na misafara ya bara, ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Tuzo ya Nobel ilimfikia mwandishi mwaka 2021, na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ikatolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Riwaya ilihitaji miaka 28 kurudi katika lugha ya watu inaowasimulia. Wakala huuza haki ya tafsiri kwa anayeiomba. Lawama, basi, haiwezi kuwekwa mlangoni pake peke yake, maana waliopaswa kuomba walikuwa huku.

Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell ilionyesha kuwa mswada ambao haujachapishwa unaweza kusomwa na kupimwa pasipo kutazama silabasi. Majarida ya idara yangeweza kuifuata njia hiyo. Yatenge kurasa chache za kueleza miswada inayongoja mchapishaji, na vitabu vya nje vinavyongoja mfasiri, kwa kalamu ya mtu aliyeisoma kazi yote na asiyelipwa kwa kuuzwa kwake. Atataja ubora, na atataja kasoro vilevile, jambo ambalo orodha ya wakala haithubutu kulifanya. Methali itabaki na haki yake, lakini kizuri hakiwezi kujiuza kikiwa kimefungiwa katika saraka.