Namba Zilizoruka

Mhasibu amepiga simu. Stakabadhi namba 4,118 ipo, inayofuata ni 4,151. Neno wizi hajalitamka, ila limo sautini.

Fundi mzuri wa kanzidata hana haraka ya kujaza pengo. Anauliza kwanza: seva ilizimika ghafla lini? Kanzidata ya PostgreSQL, ili isiandike kwenye diski kila inapotoa namba, huweka rekodi ya kihesabu ikitangulia namba 32 mbele. Umeme ukikatika, huamka na kuendelea kutoka pale rekodi ilipofikia. Hesabu pengo la mhasibu: 32 kamili. Lingekuwa la namba moja, mchana kweupe, seva ikiwa hai, ningemtazama fundi kwa makini zaidi. Huenda muamala ulighairiwa, na namba ikishatolewa hairudi. Ingekuwa inarudi, kila mteja angemsubiri mwenzake amalize. Lakini huenda pia kuna mtu aliyefuta stakabadhi. Kutenganisha hayo mawili ndiko ninakokuheshimu katika kazi hii.

Uhodari huohuo huonekana ripoti inapochukua dakika nyingi. Wengi hukimbilia kuongeza faharasa, na pengine hubahatisha. Fundi huita amri ya EXPLAIN ANALYZE, kisha husoma mpango wa kanzidata wa kujibu swali, kuanzia hatua za ndani kabisa, akilinganisha mistari iliyokadiriwa na iliyopatikana kweli. (Amri hiyo huendesha swali lenyewe, kwa hiyo swali la kufuta data hulijaribu ndani ya muamala atakaoughairi.) Anatafuta mahali makadirio na ukweli vinapoanza kuachana.

Tuseme swali linataka wateja wa mkoa wa Kigoma, wilaya ya Kasulu. Sisi tunajua Kasulu yote imo Kigoma. Kanzidata haijui, huyachukua masharti hayo kama mambo yasiyohusiana na kuzidisha uwezekano wake. Ikiwa Kigoma ni mteja mmoja kati ya 20, na Kasulu mmoja kati ya 100, itatarajia mmoja kati ya 2,000. Kwa matarajio madogo hivyo huchagua njia inayofaa watu wachache, kisha maelfu wakamiminika.

Tangu toleo la 10, la mwaka 2017, uhusiano huo unaweza kuelezwa kwa CREATE STATISTICS. Fundi anaandika mstari mmoja, anaendesha ANALYZE ili takwimu zikusanywe, halafu anausoma mpango upya, wote, kabla ya kugusa kitu kingine.